Kitabu kipi cha vijidudu kwa maabara inayopima wagonjwa na vyakula?

Benchi_Dom:
Wakuu, habari za jioni. Niko maabara ndogo hapa Dodoma mjini. Miaka yote tumepima wagonjwa tu: choo, mkojo, usaha. Sasa wasindikaji wa karanga na wauza maziwa nao wanatuletea sampuli, na bosi amekubali tuzipokee. Rafuni tuna Jawetz moja ya zamani (kitabu cha vijidudu vya magonjwa) isiyo na jalada. Bajeti inatosha vitabu viwili. Upande wa wagonjwa nalinganisha Jawetz toleo jipya, Murray na Cheesbrough, na upande wa vijidudu vya chakula Jay au Adams na Moss. Mliovitumia, kipi kinamsaidia mtu aliye mezani, sampuli mkononi? Nawasilisha.

Darubini:
Cheesbrough, mkuu. Na uwe makini: viko viwili. Sehemu ya kwanza ni malaria, minyoo na kemia ya damu. Unayoitaka wewe ni ya pili, toleo la 2006, yenye bakteria. Jawetz na Murray watakueleza kwa nini kimelea kinamwangusha mtu. Mama Cheesbrough anakwambia upime gramu ngapi, uchanganye na nini, utunze wapi, na utajuaje kama rangi yako imeharibika. Aliandika kwa ajili ya maabara za wilaya katika nchi za joto, na ukisoma unaona alizijua. Nakala yangu nimeibandika gundi mgongoni mara tatu, na ukurasa wa Gram, ile rangi ya kutofautisha bakteria, una madoa ya zambarau kutoka kwenye glavu zangu.

Mwaka_wa_tatu_UDOM:
Naheshimu, kaka, ila 2006 ni mbali. Majina yamebadilika. Clostridium difficile siku hizi ni Clostridioides tangu 2016, na Enterobacter aerogenes imehamia Klebsiella tangu 2017. Mimi nashika Murray: picha zake nzuri na majedwali yanakaa kichwani. Jawetz ni mfupi zaidi, unafaa kurudia masomo ukibakiza wiki mbili za mtihani.

Darubini:
Majina nayasahihisha kwa kalamu, mdogo wangu. Kisichosahihishika kwa kalamu ni vipimo vya duara la dawa kwenye sahani, yaani milimita ngapi usome kuwa kimelea ni sugu. Hivyo usivichukue kwenye kitabu chochote, hata kilichotoka jana. Jedwali la EUCAST, kamati ya Ulaya ya vipimo vya usugu wa dawa, linatolewa upya kila mwaka, ni la bure, lipakue ulibandike ukutani.

Nafaka_Kibaigwa:
Nimesoma yote na bado hakuna aliyegusa karanga za mleta mada. Ndugu yangu, kitabu cha wagonjwa peke yake kitakuangusha kwenye chakula. Nasema hivyo kwa sababu kiliniangusha mimi.

Nilipoanza kupima vyakula nililetewa siagi ya karanga kutafuta Salmonella, bakteria wa kuhara na homa ya tumbo. Nikafanya nilivyozoea kwenye choo: nikachota kidogo, nikapandikiza moja kwa moja kwenye XLD (aga ya kuoteshea Salmonella, ambaye koloni zake huwa na kitovu cheusi), nikalaza. Asubuhi sahani ilikuwa nyekundu tupu, hakuna hata koloni moja yenye kitovu cheusi. Nikaandika haina. Mzigo uleule ulipopimwa kwingine, Salmonella ikaonekana. Nilikosa usingizi siku kadhaa nikiwaza ni watoto wangapi wangepakwa ile siagi kwenye mkate.

Ni kwamba kwenye choo cha mgonjwa bakteria ni wengi na wana nguvu. Kwenye karanga iliyokaangwa ni wachache, wamekauka na wamejeruhiwa na moto. Hawawezi kukua palipo pakavu namna ile, lakini wanaweza kuishi miezi. Ukiwatupa kwenye aga kali wanakufa kabla hujawaona. Kwa hiyo njia ya ISO, shirika la viwango la kimataifa, inakutaka uchukue gramu 25 nzima, uziweke kwenye mililita 225 za maji ya peptoni yenye bafa, nyuzi 37, saa 18 hivi, wapate kupona kwanza. Ndipo uwahamishie kwenye supu ya kuchagua, inayozuia bakteria wengine, na mwisho kwenye XLD. Marekani, siagi ya karanga yenye Salmonella iliwafanya watu zaidi ya 700 waugue mwaka 2008 hadi 2009, na tisa wakafariki.

Na sumukuvu je? Mwaka 2016 watu 68 waliugua hapa kwetu Dodoma na jirani zetu Manyara, 20 wakafa, kwa mahindi yenye sumu ya kuvu. Fungua kitabu cha wagonjwa utafute Aspergillus, kuvu anayetoa sumu hiyo: sehemu kubwa utakutana naye akila mapafu. Kwenye Jay yuko shambani na ghalani, pamoja na kiasi cha unyevu anachohitaji ili aote. Mteja wa karanga atakuuliza hilo la ghalani.

Benchi_Dom:
Mkuu, umenishtua. Ndivyo tunavyofanya sisi hivi sasa, moja kwa moja kwenye sahani. Kati ya Jay, na Adams na Moss, nichukue kipi?

Nafaka_Kibaigwa:
Jay ni mnene, toleo la saba ni la 2005, wa kutafutia jambo moja moja. Adams na Moss toleo la nne ni la 2016, na unaweza kuketi ukausoma kuanzia mwanzo. Kwa mtu anayetoka kwa wagonjwa kuja kwenye chakula ningeanza na Adams na Moss. Ila vyote viwili vinakupa sababu zaidi kuliko hatua. Hatua zichukue kwenye mwongozo wa bakteria wa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, uko bure mtandaoni.

Dada_Maziwa:
Naongeza la maziwa. Bakteria Staphylococcus aureus akishatoa sumu yake, kuchemsha kunamuua yeye, sumu inabaki. Sahani yako itakuja safi na mnywaji atatapika. Adams na Moss wamelieleza vizuri hilo. Pia WHO wana kitabu cha bure cha bakteria wa wagonjwa, toleo la pili, 2003. Kina hatua za mezani, kitaziba pengo la Jawetz yako.

Benchi_Dom:
Ahsanteni sana. Basi Cheesbrough sehemu ya pili na Adams na Moss, Murray nitaazima. Kesho asubuhi namwambia bosi tusitoe majibu ya Salmonella kwenye karanga mpaka tupate maji ya peptoni, na wateja wawili wa wiki iliyopita nawapigia warudishe sampuli.