Niliruka na parachuti Diani nikavunjika mguu, bima ya kazini imekataa kulipa. Nishike njia gani?

Mama Salma, Mikindani

Asalaam alaikum ndugu zangu. Naandika nikiwa kitandani, mguu wa kulia uko juu ya mito miwili, na barua ya kampuni ya bima iko hapa ubavuni. Nimeisoma mpaka nimeihifadhi. Mwenye ujuzi wa mambo haya naomba anivumilie asome mpaka mwisho.

Mimi ni karani katika ofisi ya uwakala wa forodha, tunatoa makontena Kilindini, mwaka wa 11 sasa. Bima yangu ya afya ni ile ya kazini, mimi na wanangu watatu. Februari nilitimiza miaka 40, na mdogo wangu aliye Qatar akanilipia zawadi ya kuruka na parachuti Diani, ile ya kufungwa pamoja na mwalimu. Kila tukienda kule na watoto nilikuwa nikiona ile miavuli ya rangi ikishuka juu ya minazi, nasema moyoni ipo siku.

Nilifurahi. Hilo nalisema mapema kwa sababu watu wengi wanasubiri nijute. Ndege ilitupandisha futi 12,000, na kutoka juu mwamba wa matumbawe ni kama uzi mweupe: upande wa huku maji ya kijani, upande wa kule buluu nzito. Parachuti lilifunguka vizuri. Mwalimu alikuwa amenifundisha kabla ya kupanda, na hewani akanikumbusha tena: tukikaribia chini inua miguu yote miwili, tunatua kwa kukaa. Nikainua. Lakini kaskazi ilikuwa inavuma, na tulipobakisha kimo cha mlango nikaona ardhi inanijia mbio, nikashusha mguu wa kulia kama anayeshuka matatu ambayo haijasimama. Maji yalikuwa yamekupwa, na mchanga ulioachwa na maji ni mgumu kama sakafu. Nikasikia "ka", kama kijiti kikavu. Mwalimu hakukosea. Wenyeji wa pale hawakunikosea, sina neno nao.

Dereva wa ambulansi alipitia Dongo Kundu kukwepa foleni ya feri, tukafika hospitali moja ya binafsi kule kisiwani Mombasa kabla ya saa kumi na moja. Picha zikaonyesha mifupa miwili imevunjika penye kifundo. Hapo mapokezi, binti aliyekuwa akijaza karatasi akanisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini, "Shangazi, niandike umeteleza ufuoni?" Alinihurumia tu. Nikamwambia, mwanangu, andika ilivyokuwa.

Usiku uleule idhini ya bima ikaja. Jumapili nikapasuliwa, nikawekwa bamba la chuma na skrubu sita. Jumanne, nikiwa bado wodini, naambiwa bima wameondoa idhini. Bili ni shilingi 412,600. Ndugu walichanga walichoweza, zikabaki 268,000, na kaka yangu akaacha logibuku, ile hati ya umiliki wa gari, ya Probox yake ndipo nikaruhusiwa kutoka. Gari hilo ndilo linalomlisha.

Barua inasema mkataba haulipii majeraha ya "michezo ya hatari, ikiwemo kupiga mbizi kwa mtungi, mbio za magari, kupanda majabali kwa kamba na kuruka na parachuti", wala ya usafiri wa angani "isipokuwa kama abiria aliyelipa nauli katika ndege ya abiria iliyosajiliwa".

Sasa mimi nauliza: mchezo gani nilioucheza? Nilifungwa kifuani pa mtu, nikabebwa, na pesa zikalipwa. Huyo si abiria? Na kijitabu chenye maneno hayo sijawahi kupewa, miaka 11. Nilipewa kadi tu.

La mwisho ndilo linaloniuma. Nyumbani kila anayekuja kunijulia hali ananiambia ningelikubali neno la yule binti, nisingelikuwa na deni hili. Hata mama yangu mzazi. Nimeanza kulala na hilo swali.

Baharia wa Mtongwe

Pole sana dada. Miguu kwenye kutua ndipo ajali nyingi zinapotokea, hata kwa wazoefu. Watu huogopa kule juu, kwenye kuanguka kwa kilomita karibu 200 kwa saa, na mimi naogopa zile sekunde tano za mwisho.

Nilijifunza Marekani nilipokuwa kwenye meli za huko, nikapata leseni A, ambayo inataka miruko isiyopungua 25. Ukijiunga na chama chao cha warukaji, USPA, uanachama unakuja na bima ya dola 50,000. Wengi wetu tulidhani tumekingwa. Kumbe bima ile ni ya mtu mwingine: ukitua juu ya paa la mtu au ukamuumiza mpita njia, yeye ndiye anayelipwa. Mguu wako ni juu yako. Uingereza nako chama chao kinafuata mtindo huohuo, wao angalau hospitali za serikali hutibu bila bili. Kwa hiyo si Kenya peke yake, kampuni nyingi za bima duniani huuweka mchezo huu kando.

Na ile karatasi uliyotia sahihi Diani kabla ya kupanda ndege si bima. Pale ulikubali kwamba unaijua hatari. Bima ya wenye biashara hulipa kukiwa na uzembe wao, na wewe mwenyewe umesema hawakukosea. Mlango huo uache.

Kijana wa Changamwe

Nitasema ambalo wengi wanaliwaza. Ningekuwa mimi ningeandika nimeteleza. Mfupa ni uleule, skrubu ni zilezile, na unakatwa pesa kila mwezi miaka 11 bila kuugua. Mama Salma nakuheshimu, lakini Probox ya kaka yako imelipia neno moja.

Nesi, Kisauni

Mdogo wangu wa Changamwe, mfupa si uleule. Mtu akija akasema ameteleza, tunatazama kifundo. Akisema ametua kutoka juu kwa miguu, tunapapasa kisigino na kushuka uti wa mgongo pingili kwa pingili, kwa sababu kishindo kinapanda. Nimewahi kumwona fundi aliyedondoka jukwaani na kusema amejikwaa, kwa kuogopa msimamizi wake. Kisigino kikafungwa. Siku ya tatu akashindwa kukaa, na picha ikaonyesha pingili ya kiuno imepasuka.

Mama Salma, walikupiga picha ya mgongo? Kama walikupiga, ni kwa lile neno ulilolisema mapokezi.

Mama Salma, Mikindani

Walinipiga, ndiyo. Mgongo na nyonga. Sikujua kwa nini, nikadhani ni kuongeza bili tu. Allah akubariki dada, leo nimepumua.

Wakala wa bima, Tudor

Dada Mama Salma, pole. Nimeuza bima za afya za makampuni kwa miaka 16, na sitakuficha kitu.

Hoja ya kwamba ulikuwa abiria haitasimama. Kama mkataba ungesema "michezo ya hatari" ukaishia hapo, ungekuwa na pa kushika, maana maneno ya mkataba wa bima yakiwa na utata hufasiriwa dhidi ya aliyeyaandika, naye ni kampuni. Lakini kuruka na parachuti kumetajwa kwa jina. Mkataba hauulizi kama ulifungwa na mwalimu au uliruka peke yako. Na ile ndege si ya nauli. Ndege ya abiria inakupeleka mahali na kukushusha kwa mlango wa uwanjani.

Kwa nini wanaitoa? Bei ya bima ya ofisi yenu ilipigwa hesabu kwa watu wanaokaa mezani na kupanda matatu. Hatari ya namna hii huuzwa kivyake. Mtu anaweza kumwandikia wakala wake kabla ya siku ya kuruka, akalipa nyongeza, akapewa karatasi. Watalii wengi wanaoruka Diani wana bima ya safari yenye nyongeza hiyo, na hata hao inabidi wasome kama imekubali mruko mmoja na mwalimu au kuruka kwa kurudiarudia. Wateja wangu wenyewe huwa hawaniulizi, na nakiri sisi mawakala hatuwaambii mpaka waulize. Hili ni kosa letu.

La kijitabu: mwenye mkataba ni mwajiri wako, na kampuni ya bima itasema ilimpa yeye. Nenda kwa mkuu wa utumishi hapo kazini umwombe mkataba mzima, kurasa zote. Usikubali muhtasari. Soma mwenyewe kama kifungu walichonukuu kimo katika mkataba wa mwaka huu, maana hubadilishwa kila unapofanywa upya.

Kijana wa Changamwe, dai la uongo likigundulika kampuni ina haki ya kulikataa lote na kumfuta mwanachama na wanaomtegemea. Mama Salma ana watoto watatu kwenye kadi ile. Na hugundulika kwa urahisi: video ya mruko iko kwenye simu za ukoo mzima. Yule binti wa mapokezi naye angepoteza kazi.

Tena kuna SHA, bima ya afya ya serikali. Wewe ni mwajiriwa, unakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wako wote tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Hospitali za binafsi huanza na kadi ya kazini, SHA ikasahauliwa. Waulize kama wana mkataba nayo na kama lolote linaweza kudaiwa huko kwa upasuaji uliokwisha kufanyika. Huwa wanataka idhini kabla, kwa hiyo usiweke tumaini kubwa hapo. Lakini kwa matibabu yaliyobaki, au siku skrubu zikihitaji kutolewa, anzia huko.

Sasa lililonifanya nikae niandike haya yote. Umesema idhini ilikuja usiku uleule, na wewe ulitaka ukweli uandikwe. Ile fomu ya kwanza ya kuomba idhini, chanzo cha jeraha kiliandikwaje? Kama iliandikwa "ameanguka" tu, bima watasema hawakujua, na wana haki ya kubadili. Lakini kama iliandikwa parachuti, na wao wakaisoma, wakakubali, ukaingia chumba cha upasuaji cha bei ile kwa kutegemea neno lao, hapo pana hoja. Ungekataliwa usiku ule ungeweza kuchagua hospitali ya serikali. Tafuta nakala ya fomu hiyo. Ni haki yako kama mgonjwa.

Mama Salma, Mikindani

Samahani kwa kukawia siku mbili. Nilimtuma Salma na barua yenye sahihi yangu na kitambulisho, wakamzungusha asubuhi nzima, mwishowe wakampa.

Ninayo mkononi. Ni karatasi moja, nakala imefifia pembeni. Penye chanzo cha jeraha daktari wa mifupa ameandika kwa mkono, kwa Kiingereza, kwamba mgonjwa aliumia akitua kwa parachuti, amefungwa na mwalimu, Diani. Neno la parachuti amelipigia mstari chini. Imetumwa Jumamosi saa 11:20 jioni. Idhini imerudi saa 2:47 usiku, ina jina la aliyeidhinisha na kiasi alichoidhinisha, shilingi 350,000. Kwa hiyo mtu alikuwa nayo zaidi ya saa tatu.

Na mkataba nimeuona. Kile kifungu kimo, ukurasa wa 19. Hawakusema uongo katika hilo.

Wakala wa bima, Tudor

Basi barua yako isibishane na ukurasa wa 19. Kubali kwamba kifungu kipo. Andika hivi: mliambiwa chanzo saa 11:20, mkaidhinisha saa 2:47 mkijua, nikapasuliwa Jumapili kwa kutegemea idhini yenu, mkaiondoa Jumanne wakati bamba liko mguuni. Dai zile 350,000 walizozitaja wao, wala usiongeze hata shilingi. Ambatisha fomu, idhini, barua yao na bili. Peleka kwa mkono, na nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Mwajiri naye apate nakala, kwa sababu yeye ndiye mteja wao na mkataba utafanywa upya kwa sahihi yake.

Wakikataa tena, au wakinyamaza, malalamiko yaende IRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, pamoja na karatasi hizohizo. Siwezi kukuahidi utashinda. Nimeona kesi kama hii ikilipwa na nimeona nyingine ikikwama. Lakini una karatasi, na wengi wanaonijia hawana.

Baharia wa Mtongwe

Na deni la hospitali kaa nao mwandikiane malipo ya kila mwezi sasa hivi, usingoje jibu la bima. Logibuku ikikaa kwao muda mrefu kaka yako atashindwa hata kukopa akihitaji kutengeneza gari.

Mama Salma, Mikindani

Barua nimeiandika jana usiku kwa mkono, Salma akaipiga chapa. Leo saa nne asubuhi kaka yangu amenipeleka mwenyewe kwa ile Probox, nikapanda ngazi za ofisi yao kwa magongo, vidato 14, lifti ilikuwa mbovu. Muhuri wa kupokelewa wamegonga. Dada aliyeipokea alisoma mistari ya saa mara mbili, akainua macho akaniambia nikae nipumzike, akaniletea maji.

Hospitali wamekubali 15,000 kwa mwezi. Alhamisi natolewa nyuzi. Wakijibu, kwa heri au kwa shari, nitaileta barua yao hapa.