Bibi kaniuliza "mwenzio mbona hasalimii?" Wakuu mlijinasuaje na simu

Viazi_Uyole

Habari za sa hizi wakuu. Niko Uyole hapa Mbeya, nanunua viazi mviringo vya Isyonje na Umalila napakia kwenda Dar. Kwenye kazi hii simu ndo ofisi, bei ya leo, gari limefika wapi, mkulima kang'oa au bado anavizia bei ipande, kwa hiyo mapema kabisa niombe msije mkaniambia niitupe mtoni, watoto watakula nini.

Ishu iko hivi. Marehemu baba alivyokuwa kitandani alinisisitiza kitu kimoja tu, bibi yako asibaki mpweke. Bibi yuko Tukuyu. Tangu tumzike baba kila baada ya Jumapili moja napanda gari naenda, sijawahi kukosa na nilikuwa najisifia mpaka kwa mke wangu kwamba mi nikiahidi nimeahidi. Sasa juzi nimeenda, mvua ya Tukuyu mnaijua, tumekaa jikoni yeye anamenya ndizi mi niko pembeni ya moto nimeinamia simu. Hata sikumbuki nilikuwa naangalia nini, klipu za mpira, jamaa kaanguka na pikipiki, mtu anapika pilau, basi tu kidole kinasukuma. Bibi anaongea mi namjibu mmh, eeh, ehee. Akaja mama jirani kuomba moto akauliza kumbe mjukuu yupo? Bibi akamjibu kwa Kinyakyusa kwamba wamekuja wawili, yeye na mwenzie. Halafu akanigeukia mimi, "na huyu mwenzio mbona hasalimii watu?"

Mama jirani kacheka, mi nikacheka, bibi hakucheka.

Kilichonitisha zaidi, narudi zangu kwenye Hiace nawaza ile kauli, hata Kiwira hatujafika nashtuka simu iko mkononi na nilishaangalia klipu kama kumi. Sikumbuki hata nilivyoitoa mfukoni wakuu.

Usiku ndo balaa lingine. Wiki iliyopita nimelala saa 8 usiku, lori lilikuwa la saa 10 alfajiri, nimeamka saa 12 gari limeshapakia gunia za mtu mwingine na mi simlaumu dereva. Nimeangalia kwenye seting simu inasema wastani wangu masaa 6 na dakika 40 kwa siku. Apu nimeshafuta mara nne, jua likizama naipakua tena.

Nauliza waliofanikiwa kweli, mlifanyaje? Maana naona sio suala la muda peke yake. Nilikuwa najiona mtu wa familia, kumbe Tukuyu naenda kusaini mahudhurio tu.

Mkinga_Orijino

Bibi kamaliza kila kitu, modi funga uzi 😂😂 Ila mkuu masaa 6 unalia? Mi ya kwangu nimeogopa hata kuifungua hiyo seting.

Fundi_Kabwe

Mi natengeneza simu hapa Kabwe miaka kibao, kila siku naona mtu kaacha simu ya kubadilisha kioo, nusu saa haijaisha karudi kuniuliza fundi tayari, anapapasa mfuko mtupu. Kwa hiyo usijione wa ajabu kaka.

Kwanza ujue unashindana na nini. Huko nyuma kurasa zilikuwa na mwisho, unafika chini unabonyeza uende ukurasa mwingine, hapo akili inapata nafasi ya kujiuliza naendelea au nilale. Mwaka 2006 jamaa wa Marekani anaitwa Aza Raskin akabuni ule mtindo wa ukurasa usioisha, vitu vinajileta vyenyewe, na baadae akaja kusema hadharani anajutia. Ile nafasi ya kujiuliza ndo imeondolewa. Halafu kuna mwanasaikolojia wa zamani, B. F. Skinner, alikuwa anafanya majaribio na njiwa, njiwa anadonoa kitufe anapata punje. Akipewa punje kwa kubahatisha, mara hii anapata, mara tatu hapati, njiwa anadonoa kama kichaa na ukikata punje kabisa bado anaendelea kudonoa muda mrefu. Klipu moja kali katikati ya kumi za ovyo ndo punje yako hiyo.

Sasa matendo. Zima notifikesheni zote bakiza kupigiwa na meseji za kawaida. Yale magrupu ya WhatsApp ambayo sio ya viazi nyamazisha moja kwa moja, tangu 2020 unaweza kunyamazisha milele sio mwaka mmoja tu kama zamani, kisha yapeleke kwenye kumbukumbu (archive), hayatakurukia juu tena hata watu waandike meseji mia tano za kumtakia fulani hepi bethdei. Skrini igeuze iwe ya kijivu, Android nyingi kuna sehemu ya muda wa kulala inafanya hivyo yenyewe ukifika usiku. Utashangaa klipu zisizo na rangi zinavyochosha, kama kula kande bila chumvi.

La mwisho, nunua kitochi, kale kasimu ka vitufe. Laini ya madereva na M-Pesa weka humo, ile *150*00# haitaki simu janja. Simu kubwa ilale dukani.

Kihesa_Juu

Kamwene. Samahani ntakuwa tofauti kidogo. Mwanaume mzima unashindwa na kioo? Weka chini, lala. Hizi habari za mara njiwa mara sijui misimamo ya maisha ni za watu wenye muda, mtu mwenye shamba la ekari tano la kupalilia hapa Iringa hana hata nafasi ya kuwa na tatizo kama lako. Tunatafutia uzembe majina.

Mkinga_Orijino

@Kihesa_Juu na wewe umeandika saa 7 na nusu usiku mkuu, ekari unapalilia na tochi? 😅

Njia_Panda_Makambako

Mi yangu ilikuwa mbaya kuliko ya mleta uzi. Kubeti. Nilianza na mkeka wa mechi za Jumamosi, mia tano tano, baadae nikahamia kwenye kale kandege kanakopaa unatoa hela kabla hakajaanguka. Kale kamchezo kasikie kwa jirani. Mechi unasubiri dakika 90, kandege sekunde tu, unapoteza unarudisha unapoteza, saa moja imeisha na hela ya bati za nyumba imeenda nayo. Na huku kanisani mi ndo mweka hazina wa jumuiya jamani, sijawahi kugusa senti ya jumuiya lakini nilifika mahali nazihesabu mara mbili mbili, nikajiogopa.

Nilichofanya nilimwambia mke wangu ukweli wote siku moja jioni, sio nusu. Ile siku sitaisahau, hakupiga kelele, aliinuka akaenda kufungia kuku. Kesho yake laini ya M-Pesa ikahamia kwenye simu yake, nikitaka hela naomba kama mtoto. Aibu? Sana. Lakini kati ya kutaka kubeti na kubeti pakawa na mtu anayeniuliza ya nini. Vumilia siku 21 tu mleta uzi, ukivuka hapo unakuwa mtu mpya.

Fundi_Kabwe

Pole na hongera mkuu wa Makambako, hiyo ya kumwambia mkeo wengi hatuiwezi. Ila hiyo 21 isije ikamvunja mtu moyo. Ilianzia kwa daktari wa upasuaji wa Marekani, Maxwell Maltz, aliandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walichukua kama siku 21 kuizoea sura mpya, watu wakaibeba wakaifanya sheria. Waliokuja kupima tabia zenyewe pale University College London, matokeo yakachapishwa 2010, walikuta wastani ni siku 66, na kuna mtu wa siku 18 na kuna wa kukadiriwa siku 254. Na waligundua ukikosa siku moja haiharibu. Kwa hiyo akiteleza siku ya 22 asiseme mi nimelaaniwa, aendelee tu.

Mama_wa_Mufindi

Mwanangu wa viazi nimekusoma taratibu na chai yangu mkononi, huku kwetu leo ukungu haujanyanyuka tangu asubuhi.

Mimi ugonjwa wangu ulikuwa stetasi. Sio kuweka, kuangalia nani kaona. Naweka picha ya mtoto kafaulu halafu kila dakika narudi kuhesabu, fulani kaona hajasema kitu, ana nini na mimi. Nimenuna na watu wasiojua hata kama tumegombana.

Tulianza kwenye kikoba chetu, mwenyekiti alichoka, mnajadili mkopo wa mtu wengine wanacheka na simu, akaweka kapu mlangoni. Unaingia unatumbukiza simu, ikikutwa mkononi faini mia tano. Wiki za kwanza tulipata hela nyingi ya faini kuliko ya hisa, nasema kweli. Lakini vikao vikawa vifupi na tukaanza kujua shida za wenzetu, kuna mmoja mumewe alikuwa mgonjwa miezi, tulikuwa tunakaa naye kila wiki hatujui. Nikahamishia kapu nyumbani.

Na kwako @Kihesa_Juu mwanangu, kusema "weka chini" ni sawa na kumwambia mlevi kunywa maji. Anaweka chini, sawa, mkono ufanye nini? Hapo ndo watu wote wanarudia. Mkono mtupu unatafuta kazi.

Sasa wewe wa Uyole hukuahidi kupunguza simu, uliahidi bibi asiwe mpweke. Hizo ni ahadi mbili tofauti, hiyo ya kwanza mimi wala isingenisumbua kichwa. Ukienda tena mwambie bibi akupe kisu na wewe umenye. Mikono ikishajaa utomvu wa ndizi huwezi kushika simu hata ikilia, utaiharibu. Na watu wakifanya kazi moja mikono inakwenda, mdomo nao unafunguka wenyewe.

Kihesa_Juu

Mama nimekusikia. Shikamoo.

Viazi_Uyole

Nimerudi wakuu, karibu mwezi umepita, kuna walionitumia meseji wakidhani nimetupa simu kweli.

Nianze na aliyonifundisha Fundi. Kitochi nimenunua, madereva na wakulima wote wana ile namba. Simu kubwa inalala stoo kwenye droo na funguo anayo dogo wa mzani, naichukua asubuhi. Siku tatu za kwanza nilikuwa nashtuka usiku kama nimesahau mtoto mahali. Lori sijakosa tena. Ila nisidanganye, kuna Alhamisi moja gunia zilikataliwa Dar, nimechanganyikiwa, nikamnyang'anya dogo funguo nikakesha na klipu mpaka saa 9. Wastani wa wiki hii simu inasema masaa 3 na dakika 10, na hapo nimejumlisha na mambo ya bei.

Tukuyu nimeshaenda mara mbili. Ya kwanza nimefika namwambia bibi nipe kisu, akaniangalia kama nimeumwa. Wanaume wa kwetu na kumenya ndizi mnajua wenyewe. Akanipa kisu butu cha makusudi, nikamenya, nikajikata, akacheka weee mpaka akatafuta pa kuegemea. Mama wa Mufindi ule utomvu hautoki aisee, shati langu jeupe limekwisha.

Lakini tukaongea. Yaani yeye akaongea. Kumbe babu alishawahi kwenda kufanya kazi migodini Afrika Kusini, kwenye zile safari za Wenela, wale waliokuwa wanakusanya vibarua wa migodi, kabla ya uhuru, bibi kabaki na mimba ya shangazi mkubwa. Miezi kumi na nne babu hayupo na barua iliyofika ni moja tu. Bibi hajui kusoma, akaibeba kwa mwalimu wa kanisa akasomewa. Wiki iliyofuata akarudi asomewe tena, na iliyofuata, mpaka mwalimu akamwambia mama hii barua si unaijua yote? Akagundua kweli anaijua yote. Na anaijua mpaka leo wakuu, alinisomea jikoni pale hana karatasi, neno kwa neno, na sauti akabadilisha kidogo kama ya mwanaume.

Nikamwambia bibi mbona hii hujawahi kunisimulia. Akasema nilikusimulia mwaka jana wakati wa mavuno ya maharage. Ulisema "mmh".

Ndaga fijo, asanteni sana wote, na mama wa Mufindi shikamoo mara mbili.

Njia_Panda_Makambako

Hiyo "mmh" imenipiga hadi mimi huku. Mi nina miezi minne bila kandege, laini bado iko kwa mama watoto. Bati tumepata ishirini.

Mkinga_Orijino

Sasa mkuu umetuacha hewani, barua yenyewe ilikuwa inasema nini?

Viazi_Uyole

Fupi tu. Anauliza ng'ombe mwekundu ameshazaa au bado, na ndama ni dume au jike. Halafu anasema huko chini ya ardhi ni joto sana, lile blanketi bibi alilompa hajalitoa kwenye sanduku, lakini usiku analifungua sanduku analinusa.

Hapo kwenye blanketi bibi huwa anaruka, mpaka umuombe.