MREJESHO: Santuri za mzee, na jazi ya kuanzia

Wadau, mwezi uliopita nililalamika hapa kwamba santuri za marehemu baba zinaruka na sauti inavuta, tena nikaomba jazi ya kumfaa mtu aliyelelewa na pop ya miaka ya sitini. Asanteni sana mlionijibu.

Aliyesema kuvuta kunatokana na mkanda, ule wa mpira unaozungusha sahani ya pleya, alipatia. Fundi mmoja wa Kibuye, hapa Kisumu, alifungua pleya akautoa umelegea kama mlenda. Sasa Daudi Kabaka anaimba "Helule Helule" kama mtu, si kama mlevi. (Waingereza, The Tremeloes, waliurudia wimbo huo 1968, na Mama hachoki kunikumbusha.)

Kuosha kwa maji vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo kumeokoa santuri nne kati ya sita. Moja lebo ilinyonya maji ikabanduka, mlinionya, sikusikia. Nyingine ina mkwaruzo mrefu, inaruka palepale kwenye kiitikio.

Jazi? Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini, na "Grazing in the Grass" yake ya 1968, nilimwelewa papo hapo. Albamu ya Kind of Blue ya Miles Davis (1959) ilinichukua siku tatu kuizoea, sasa ndiyo ya usiku. A Love Supreme ya mpiga saksafoni John Coltrane imenishinda kwa sasa, msinitukane. Katika mpya, Source ya Nubya Garcia, mpiga saksafoni wa London (2020), ina besi yenye harufu ya rege, hata kijana wangu alitoa spika masikioni akauliza ni nani.

Pleya ikivuta, angalieni mkanda kwanza. Mimi nilinunua sindano mpya ya pleya bila sababu.