Mafundi umeme, acheni kukata soketi za dashibodi! Pimeni kwanza

Wakuu, hili siwezi kulinyamazia. Nina van ya miaka ya 80, zile za geji za mshale na swichi za kubonyeza zilizojipanga kando ya usukani. Nimeitoa kwa fundi umeme ikiwa mbovu kuliko nilivyoipeleka. Gereji siitaji jina, kwa sababu ubabaishaji huu umeenea na hauko kwa mtu mmoja.

Niliipeleka na tatizo moja tu. Injini ikishawaka, geji ya mafuta na geji ya joto zinapanda juu kuliko kawaida, zote kwa pamoja. Hivi fundi anayejua kazi, akisikia zote mbili zinapanda pamoja, anakimbilia kubadili geji? Magari mengi ya enzi hizo yana kidude kidogo nyuma ya geji kinachoshusha umeme hadi kama volti 10 na kuzilisha geji hizo mbili. Betri ikiwa inachajiwa, umeme wa gari unafika volti 14. Kidude kikifa, au athi yake, yaani muungano wake na bodi ya gari, ikilegea, umeme wote unapita bila kupunguzwa na mishale yote inadanganya. Geji mbili haziharibiki kwa pamoja na kwa namna ileile! Kulijua hilo unahitaji mita: ncha moja kwenye athi, nyingine kwenye pini ya kidude inayotoa umeme, unasoma.

Yeye hakupima. Akaleta seti nzima ya geji ya mtumba, ya modeli nyingine. Soketi ya nyaya haikuingia, basi akachukua plaizi akakata soketi ya kiwandani. Nilipofungua dashibodi nilisikia uchungu. Nyaya zilizokuwa na rangi zake, ya kahawia, ya bluu yenye mstari mweupe, ya njano, kila moja imekatwa inchi chache kutoka mwisho na kuungwa na waya mwekundu. Zote nyekundu! Zimesokotwa kwa vidole, hakuna risasi ya kulehemu, juu kaviringisha tepu ambayo tayari imelainika na gundi inanata mkononi. Atakayefuata atajuaje upi wa indiketa na upi wa taa za dashibodi?

Na kazi yenyewe haifanyi kazi. Sasa hivi tanki likijaa geji inasoma tupu. Ndani ya tanki kuna senda, yaani rezista (kizuizi cha umeme) inayosukumwa na boya, na si kila kampuni ina vipimo sawa. Senda nyingi za kampuni ya VDO zinasoma ukinzani wa kama omu 10 tanki likiwa tupu na 180 likijaa. Nyingine, hasa za mtindo wa Marekani, ziko kinyume: 240 tupu, 33 likijaa. Ukichukua geji ya kundi hili ukaifunga kwenye senda ya kundi lile, dereva anabaki njiani bila mafuta huku mshale ukimwambia yuko salama. Hili ni suala la usalama, jamani.

Taa nyekundu ya betri nayo kaiwekea balbu ya LED, eti inang'aa vizuri. Kwenye alteneta (mashine inayochaji betri) nyingi za zamani, umeme wa kuiamsha alteneta unapitia kwenye balbu hiyo. Ndiyo maana kiwandani waliweka balbu ya kawaida ya wati kadhaa. LED inapitisha umeme kidogo mno, kwa hiyo alteneta inachelewa kuamka au haiamki kabisa. Halafu mwenye gari anaambiwa betri imekufa, kanunue. Akinunua, anaambiwa alteneta. Watu wanamaliza pesa kwa sababu ya balbu!

Swichi ya taa kubwa ndiyo imeniudhi kupita zote. Ilikuwa inapata moto, nikamwambia aiangalie. Van nyingi za zamani hazina relei ya taa, yaani swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe ule mkubwa, kwa hiyo umeme wote unapita ndani ya swichi. Balbu mbili za H4 kwenye taa za juu ni wati 120, kwa volti 12 hiyo ni ampea 10, zinapita kwenye vipande vya shaba vidogo kuliko ukucha. Vinaungua, vinakuwa vyeusi, ukinzani unapanda, joto linazidi, plastiki inaanza kuyeyuka. Dawa yake ni relei: umeme wa betri wenye fyuzi uingie pini yake ya 30, utoke pini ya 87 kwenda kwenye taa, na swichi ibaki na kazi ya kuiamsha kupitia pini za 85 na 86 tu. Yeye akafunga swichi mpya ya bei rahisi, nyepesi mkononi, bila relei. Nimewasha taa usiku mmoja nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Na ile ya kiwandani, ambayo ingefunguliwa, ikasuguliwa kwa msasa laini na kurudishwa, kaitupa. Kwa ruhusa ya nani? Spea iliyotolewa kwenye gari ni mali ya mwenye gari, iwe nzima au mbovu.

Kilomita nazo zinazosomeka pale si za gari langu. Hakuandika namba ya zamani popote, hata kunitajia hakunitajia. Nikitaka kuliuza kesho nitamwambia nini mnunuzi?

Fundi anayesoma hapa, kama huna mita, usiguse dashibodi ya mtu. Toa waya wa hasi wa betri, piga picha, weka alama kila waya, ndipo uanze.

Nimeamua kurudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani. Mwenye van ya aina hii ambayo nyuma ya dashibodi haijaguswa, naomba picha ya soketi ya geji, rangi za nyaya zionekane pini kwa pini. Na mwenye soketi yenyewe kutoka gari lililokatwa, ikiwa na mkia wa waya hata wa shubiri moja, aniandikie hapa.