OXY: karibu nusu ya mauzo ya siku ni hisa za kuazima. Niuze zangu?

BintiTanga
Wakuu, habari za leo. Natunza wazee hapa Houston, zamu za usiku. Tangu mwaka jana nanunua hisa za Occidental Petroleum, alama OXY, mbilimbili kila mshahara ukiingia. Makao makuu yao yako hapahapa mjini, nikaona bora kampuni ambayo jengo lake nalipita kila siku. Sasa nimejua kufungua faili za FINRA, taasisi inayosimamia madalali wa hisa Marekani, zinazotoka kila jioni. Kuna safu ya hisa zilizouzwa kwa kuazima na safu ya jumla. Nikigawanya, siku nyingi napata karibu nusu. Na anayeuza hisa za kuazima hufaidi bei ikishuka, azinunue rahisi na kuzirudisha. Yaani nusu ya wauzaji wanaombea kampuni ianguke? Sijalala. Hii ni ada ya mwanangu.

WingaMstaafu
Pole dada. Usiuze kwa sababu ya safu hiyo.

Nilikuwa winga Kariakoo miaka sita. Mteja anataka viatu namba 42, mimi duka sina. Namwambia vipo, tunakubaliana bei, nakimbilia duka la pili kuvichukua, mwenyewe namlipa baadaye. Nilipouza, mali haikuwa yangu. Nilikuwa naombea bei ya viatu ishuke? Hapana, nilikuwa namhudumia mteja.

Ukibonyeza "nunua" kwenye simu, oda yako mara nyingi inapelekwa kwa kampuni kubwa ambayo kazi yake ni kumuuzia na kununua kwa yeyote anayekuja. Kama OXY haina mkononi, inakuuzia hivyohivyo, na kanuni za Marekani za mauzo ya namba hiyo, ziitwazo Reg SHO, zilizoanza kutumika Januari 2005, zinailazimisha kuyaandika mauzo hayo kuwa ni ya hisa isizo nazo. Muda mfupi baadaye inanunua kufidia, na ununuzi huo hauna safu yake kwenye faili. Kwa hiyo huenda zile mbilimbili zako zimo humo humo kwenye safu inayokunyima usingizi, na wewe ndiye mnunuzi!

Tena faili hiyo ni ya biashara zinazofanyika nje ya masoko rasmi tu. NYSE, soko la hisa la New York ilikoorodheshwa OXY, hesabu zake inazitoa kivyake.

BintiTanga
Ahsante sana kaka. Sasa wanaoitakia mabaya kweli nitawajuaje?

Mkaguzi_Nbo
Tafuta hisa zilizouzwa hivyo na bado hazijafidiwa. Takwimu hiyo ni ya mara mbili kwa mwezi, katikati na mwisho, na huchelewa siku kadhaa. Igawe kwa wastani wa hisa zinazouzwa kwa siku. Tuseme zilizobaki ni milioni 30 na wastani ni milioni 10: wangehitaji siku 3 kuzinunua zote. Ikipanda mwezi baada ya mwezi, hapo chunguza.

Hata hivyo si wote ni maadui. Mwaka 2020 Occidental iliwagawia wanahisa hati za kununua hisa kwa dola 22, zinazoisha 2027. Mwenye hati hizo anaweza kuuza hisa za kuazima ili kujikinga tu bei ikishuka.

WingaMstaafu
Mimi ningeangalia bei ya mafuta na deni, hasa lile walilobeba walipoinunua kampuni ya mafuta ya Anadarko mwaka 2019. Na dada, ada ya muhula ujao usiiweke kwenye hisa yoyote, iwe OXY au nyingine.

BintiTanga
Ya muhula ujao iko benki, kaka. Nimefungua risiti ya Ijumaa: hisa mbili, nimenunua mimi. Naingia zamu sasa, kesho natafuta hiyo ya mara mbili kwa mwezi.