Tupeane uzoefu: nyimbo za kantri zilizoshika namba moja mwaka 1980

MzeeWaSanturi: Wakuu, jana usiku redio imepiga I Believe in You ya Don Williams, na mtangazaji akasema ni ya miaka ya sabini. Hapana. Ilishika namba moja ya kantri Marekani Oktoba 1980, ikakaa wiki 2. Mwaka ule ulikuwa wa neema, na nyimbo zake bado zinapigwa huku kwetu kila siku. Anayezijua aweke hapa anachokijua: jinsi ya kuzipiga, kutunza santuri zake, kutambua toleo la asili. Naanza na mtego mmoja. 9 to 5 ya Dolly Parton haimo. Ilitoka mwishoni mwa 1980 lakini kileleni ilifika Januari 1981. The Gambler ya Kenny Rogers nayo ni Desemba 1978. Ukipanga orodha ya mwaka, fuata wiki wimbo ulipofika juu, usifuate mwaka ulioandikwa kwenye jalada la albamu.

Kiprono_gita: Kweli kabisa mzee. Na Islands in the Stream ya Kenny na Dolly watu huipachika humo humo, wakati ni ya 1983.

BintiMakorora: Shikamoo mzee. Mmesahau One Day at a Time ya Cristy Lane, namba moja Juni 1980. Ile ya dini inayopigwa Jumapili asubuhi.

Fundi Spika: Dada, wengi wanaoisikia Jumapili si lazima wamsikie Cristy Lane. Lena Martell wa Scotland aliipeleka namba moja Uingereza mwaka 1979, na kabla yao Marilyn Sellars aliirekodi 1974. Watunzi ni Marijohn Wilkin na Kris Kristofferson. Usiandike jina la mwimbaji kwenye kanda kabla hujalinganisha sauti.

BintiMakorora: Sijasema ya kwanza ni yake. Nimesema iliyoshika namba moja ya kantri Marekani ni yake. Soma vizuri kaka.

Kiprono_gita: Wapiga gita, tuje kwa On the Road Again ya Willie Nelson, Novemba 1980. Ufunguo wa asili ni E. Vidole vikichoka, funga kepo (kibanio cha shingo ya gita) kwenye kizuizi cha 4 upige maumbo ya C: C, E7, Dm, F, G7. Wengi huharibu kwenye kodi (noti zinazopigwa pamoja) ya pili. Wanaweka Em, na wimbo unapoa palepale. Ile E7 ndiyo inayousukuma kwenda mbele. Ngoma ni ya mwendo wa treni, brashi juu ya ngoma ya snea, kwa hiyo mkono wa kulia usipige kwa nguvu. Gusa besi, kisha piga nyuzi za juu kwa wepesi. Wimbo una dakika 2 na nusu tu, usiurefushe kwa solo tatu.

Njoro Mugithi: Em inakubalika mkuu. Ukiwa peke yako na gita moja na mashine ya ngoma, E7 inagombana na sauti ya anayeitikia.

Kiprono_gita: Basi anayeitikia afundishwe. Noti inayobeba pale ni G kali (G#), na Em haina noti hiyo.

Mwalimu_Naivasha: Wote mnazunguka wimbo mkubwa wa mwaka ule. He Stopped Loving Her Today ya George Jones, namba moja Julai 1980, wiki 1 tu. Watunzi ni Bobby Braddock na Curly Putman, mtayarishaji Billy Sherrill. Sherrill aliwarudishia watunzi kazi mara kadhaa. Alitaka beti ya mwanamke anayependwa humo kurudi wakati mwanamume aliyempenda ameshakufa, na bila beti hiyo wimbo mzima hausimami. Jones wakati huo alikuwa amezama kwenye pombe na kokeini, na studio ilikuwa mateso. Alipofungua mdomo, yalitoka mahadhi ya Help Me Make It Through the Night, wimbo wa mtu mwingine kabisa. Anasahihishwa, anarudi palepale. Kisha ikaja sehemu ya kusema bila kuimba, mistari michache tu, na ndiyo iliyokwamisha kazi. Inasimuliwa kwamba kutoka beti ya kwanza hadi maneno yale ilipita kama miezi 18, kwa sababu akilewa aliweza kuimba, ila kusema maneno yakasikika hakuweza. Jones mwenyewe aliamini hakuna atakayenunua wimbo wenye huzuni kiasi hicho. CMA, chama cha muziki wa kantri Marekani, waliupa tuzo ya Wimbo wa Mwaka mara mbili mfululizo, 1980 na 1981.

Sikilizeni pale anaposema. Vinanda vya nyuzi vinashuka hadi vinabaki kama pumzi nyuma ya sauti, kisha vinapanda vyote pamoja. Anayeupiga jukwaani ashushe gita kabisa sehemu hiyo, na asiharakishe kusema. Ukiharakisha, watu hawajui kama marehemu ameshafika kaburini.

BintiMakorora: Nimesoma nikanyamaza. Ahsante mwalimu.

Njoro Mugithi: Huo usipigwe harusini kamwe.

Fundi Spika: Na Coward of the County ya Kenny Rogers, namba moja Januari 1980, isipigwe pia. Watu wanaicheza wakifurahi, kumbe beti za kati zinasimulia mwanamke aliyebakwa na genge. Ukiwa na watoto ukumbini, iruke.

Njoro Mugithi: Nikiiruka hiyo, wageni wataomba Kenny gani?

Fundi Spika: Lady. Namba moja ya kantri Novemba 1980.

Kiprono_gita: Lady si kantri. Mtunzi na mtayarishaji ni Lionel Richie, inaongozwa na piano, mambo ya Nashville, mji wa kantri, humo hayasikiki.

MzeeWaSanturi: Orodha ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, ilisema ni kantri, na kwenye orodha ya nyimbo zote ilikaa kileleni wiki 6. Starting Over Again ya Dolly mwaka huohuo imetungwa na Donna Summer na mumewe Bruce Sudano. Tuitoe nayo? Kumbukeni pia orodha ilivyotengenezwa. Vituo vya redio na maduka viliripoti wenyewe kila wiki, ndiyo maana nyimbo nyingi zilikaa juu wiki 1 na kuondoka. Tangu Januari 1990 redio zikafuatiliwa kwa mitambo, na nyimbo zikaanza kung'ang'ania.

Santuri_Moshi: Wenye santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika kutoka Marekani, tundu lake la kati ni pana. Tafuta kipachiko cha katikati, usikisie kwa macho. Santuri ikikaa pembeni kidogo tu, sauti ya Don Williams inayumba kama mtu aliyelewa. Safisha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa na tone la sabuni ya vyombo, futa kwa kufuata mifereji, lebo isiloe. Ukiihamishia kwenye kompyuta, programu ya kuondoa mikwaruzo itumie kwa kiasi kidogo, la sivyo vinanda vya wimbo wa Jones vitafutika pamoja na vumbi.

Njoro Mugithi: Mimi naiondoa yote, wasikilizaji wa simu hawataki mikwaruzo.

MzeeWaSanturi: Wa simu wawekee yako. Nakala ya kuhifadhi iache na mikwaruzo yake. Na kabla ya kulipia mkusanyiko wa bei rahisi, pima muda. Wa Jones wa asili unazidi kidogo dakika 3. Waimbaji wengi walirekodi upya nyimbo zao uzeeni, na jalada halisemi.