MBA ya jioni kwa meneja wa miaka 41: nisaini mkataba wa mwajiri?

Muulizaji
Wakuu, heshima kwenu. Nasimamia ghala la dawa Vingunguti, watu 23 wako chini yangu. Natoka saa 12 jioni, na foleni ya Buguruni mnaijua. Nataka MBA, yaani shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, bila kuacha kazi. Nimeangalia ya jioni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), Chuo Kikuu Mzumbe kampasi ya Dar, na ESAMI, taasisi ya mafunzo ya menejimenti ya Arusha. Mwajiri atalipa nusu ya ada nikisaini kubaki miaka 3. Nisaini?

Jibu la 1
Mkuu, nilisoma jioni nikiwa mhasibu wa tawi la benki. Vitabu niliviweza. Kilichonitesa ni kazi za vikundi: mmoja anakaa Mbezi, mwingine Kigamboni, mnaanza saa 3 usiku. Na mada ya tasnifu itafute mapema humo humo ghalani. Dawa zinazoisha muda zikiwa kwenye rafu zinatosha kabisa, takwimu unazo mezani.

Jibu la 2
Soma kwanza kipengele cha kuvunja mkataba. Mimi niliondoka mwaka wa pili, nikarudisha fedha yote waliyonilipia. Omba deni lipungue kila mwaka unaotumikia, na liandikwe. Ukichagua Nairobi, mfano Chuo Kikuu cha Strathmore, kumbuka shahada ya nje inahitaji kutambuliwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.

Muulizaji
Asanteni sana. Kesho naenda kwa ofisa utumishi. Mkuu wa kwanza, nyumbani ulifanyaje?

Jibu la 1
Niliahidi nyumbani: Jumapili daftari halifunguliwi. Niliivunja ahadi mara mbili, wiki za mitihani, na mke wangu nilimwambia kabla.